Doa Jeusi kwenye Tarumbeta la Baba

Mtito Andei kuna hoteli moja ambayo chapati zake, madereva wa malori huapa, zinaweza kuziba pancha. Niliketi hapo majuzi nikiwa njiani kwenda kwetu, upande wa Ikutha, kumzika baba. Msichana wa hoteli aliponiona macho mekundu aliniletea glasi ya maji ya ukwaju hata sijaagiza. "Kunywa hii, mathee, jua limekuchapa," akasema. Nikaiinua. Harufu ilinifikia kabla ya maji yenyewe kufika mdomoni, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu na viatu vya ngozi, nikairudisha glasi mezani bila kuionja.

Wengine wakisikia harufu ya ukwaju wanamezea mate. Mimi naangalia mlangoni kuona ni nani ameanguka.

Baba yangu alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya kanisa. Si lile tarumbeta jembamba linalolia kama mbuzi aliyekanyagwa. Lake lilikuwa lile nene, la shaba, lenye sauti ya chini, ambalo likipulizwa unalisikia tumboni kabla ya masikioni. Lilikuwa jitu. Mbuzi angeweza kuzalia ndani yake na watoto wakakaa humo hadi waote pembe, hakuna ambaye angejua. Baba akilivaa begani na mkanda wake mwekundu, alitembea kama amebeba mtu.

Bendi hiyo haikuitwa harusini. Maharusi wa kwetu walitaka jenereta na spika za kupasua ukuta. Marehemu hachagui nyimbo, kwa hiyo bendi ilibaki na marehemu. Na baba alikuwa na sheria moja: kumpulizia mtu wimbo wa mwisho na tarumbeta jeusi ni kumtukana mbele ya wageni wake. Tarumbeta lazima ling'ae. Na kung'arisha ilikuwa kazi yangu, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa midogo kuliko ya wote nyumbani na ingeweza kuingia kwenye kila kona ya yale mabomba yaliyojikunja kama matumbo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unaloweka ukwaju kwenye sufuria hadi ulegee, unaukamua, unatupa kokwa. Unachunga majivu ya jikoni yabaki laini kama poda. Unachanganya, unapata uji wa kijivu wenye uchachu wa kulikunja uso jiwe. Unapaka, unasubiri kidogo, kisha unasugua na kipande cha blanketi kuukuu hadi mabega yakuombe msamaha. Yanatoka maji ya kijani, machafu, na chini yake rangi ya manjano inachungulia. Halafu unasuuza kwa maji machache, maana maji tuliyachimba kwenye mchanga wa mto na kila tone lilikuwa na jasho la mama. Vidole vyangu vilinuka sarafu kuanzia siku hiyo hadi Jumapili.

Sasa, rika langu mtakumbuka jambo hili, hata kama hamkulipenda. Kwetu mtoto hakuambiwa habari ya kifo. Mtu akifa, mtoto alitumwa chumvi. Unaona watu wazima wamesimama karibu na ghala wakiongea chini chini, mara nyanya, ambaye sisi tulimwita Susu, anakuita: "Mwende, kimbia kwa Mama Kilonzo, mwambie nimeomba chumvi kidogo." Na chumvi iko jikoni, mkebe umejaa, umeiona asubuhi. Ukirudi, watu wametawanyika, mama amejifunga leso kichwani, na hakuna anayekwambia kitu. Jikoni kwetu palikuwa na chumvi ya kutosha kukausha ng'ombe mzima.

Kwa hiyo mtoto alibaki kujisomea mwenyewe dunia kwa alama. Na alama yangu kubwa ilikuwa tarumbeta. Lilining'inia kwenye msumari sebuleni, ndani ya gunia la mahindi, mdomo wake umetokeza nje. Kadiri siku zilivyopita bila kazi, ule mdomo uligeuka kutoka manjano ukawa wa kahawia, kisha ukawa mweusi kabisa. Weusi ule niliupenda. Kila asubuhi nilipoamka nililiangalia kwanza tarumbeta, na likiwa jeusi nilienda shule nikiruka. Baba akisema, "Mwende, literemshe," nilijikokota hadi kwenye msumari, kwa kuwa nilijua kuna mtu tunayemfahamu hatutamwona tena.

Nilikuwa nimegundua kitu kingine pia, ambacho sikumwambia yeyote. Ukilisugua mdomo wa tarumbeta hadi ung'ae, ukachungulia ndani yake, unajiona. Lakini unajiona kichwa chini. Nyumba iko chini juu, mbuzi wanatembea angani, na wewe mwenyewe umening'inia kama popo. Nilikuwa najitazama haraka haraka na kutoa kichwa, kama mtu anayechungulia kisima.

Siku moja nikiwa nalisugua chini ya ukingo wa paa, Mzee Kyalo, jirani yetu, alipita kuomba ugoro kwa Susu. Alikuwa mzee wa masihara, aliyejua kumchekesha hata punda. Akainama, akachungulia ndani ya tarumbeta langu.

"Ala," akasema, "huyu kijana mzuri ni nani? Mbona ananing'inia?"

"Ni wewe, babu."

"Kama ni mimi basi nimeshatangulia. Miguu iko mbinguni tayari."

Susu akacheka hadi akapiga chafya ya ugoro. Mimi nilicheka pia. Wiki haikuisha, nikatumwa chumvi. Nilipotoka kwa Mama Kilonzo niliona watu wamejaa kwa Mzee Kyalo, na Jumamosi baba akampulizia kwa lile lile tarumbeta alilojitazama ndani.

Mtoto akishapata hesabu moja na moja hamngojei mwalimu. Niliketi nikajua, kama ninavyojua jina langu, kwamba tarumbeta lilikuwa na macho, kwamba weusi ni kope zake zikiwa zimefungwa, na kwamba mimi, kwa mikono hii, ndiye niliyelifungua macho. Aliyeonekana ndani yake alikuwa ameandikwa.

Mnaweza kucheka. Mimi mwenyewe nacheka, mchana.

Baada ya hapo nikawa nasugua nikiwa nimegeuzia mdomo wake ukutani. Nilifukuza kuku, nilifukuza mbwa, paka wetu niliwahi kumrushia kiatu ili kumwokoa. Nikajipinda nisijione. Na ingekuwa hivyo hadi leo kama siku moja, nikiwa nasuuza, nisingeligeuza ili kumwaga maji. Mama alikuwa anarudi mtoni. Sikumsikia. Nilichoona ni ndani ya ule mdomo unaowaka kama jua: mwanamke mdogo sana, kichwa chini, amebeba mtungi wa plastiki mgongoni, kamba kwenye paji la uso, anakuja.

"Wewe, mbona unaniangalia hivyo?" mama akauliza. "Nimeota mkia?"

Nililitumbukiza tarumbeta zima ndani ya gunia likiwa bado na maji, na baba alinikaripia kwa hilo.

Nilimlinda mama kama askari. Nilimfuata mtoni, nilimfuata shambani, nilimfuata hata chooni nikamsubiri nje nikiimba ili ajue niko. Alisema nimekuwa kama kupe. Lakini mvua zikaja, mbu wakaja na mvua, na mama akaanza kutetemeka chini ya mablanketi yote ya nyumba ile, jua likiwa linawaka nje. Malaria ikampanda kichwani. Akawa anaongea na watu ambao hawakuwapo. Nilipompelekea uji aliniangalia, akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa kabla sijazaliwa, akaniuliza kama ng'ombe wamerudi.

Nikamjibu wamerudi. Ningefanya nini kingine?

Baba akatafuta pikapu, wakamlaza nyuma kwenye godoro, wakaondoka naye kuelekea hospitali ya Kibwezi. Nilisimama barabarani hadi vumbi likatulia. Kisha nikaingia sebuleni kuliangalia tarumbeta. Lilikuwa jeusi, kwa rehema za Mungu, jeusi kama makaa. Kila asubuhi na kila jioni nilienda kuliangalia. Nikaona sehemu ndogo kwenye ukingo ambapo wakati fulani gunia lilikuwa limesugua likaacha mng'aro kidogo, nikapaka masizi ya sufuria. Susu alinikuta na kidole cheusi.

"Unafanya nini hapo?"

"Natoa buibui."

"Buibui wa rangi gani anayeacha masizi?" Lakini hakungoja jibu. Siku hizo Susu hakuwa anacheka, na Susu asipocheka nyumba huwa baridi kama kisima.

Alhamisi mchana baba alirudi, peke yake, kwa miguu kutoka barabara kubwa. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi hadi kwenye kamba. Nikakimbia.

"Baba, mama yuko aje?"

"Ako mikononi mwa Mungu," akasema, akaniwekea kiganja kichwani na kupita.

Hayo ndiyo maneno ambayo mchungaji aliyasema kwenye kaburi la Mzee Kyalo. Hayohayo.

Baba na Susu wakasimama karibu na ghala. Wakaongea chini chini. Nilijificha nyuma ya jiwe la kusagia nikiomba, jamani, naomba asiniite. Akaniita.

"Mwende, kimbia kwa Mama Kilonzo, omba chumvi kidogo."

Nilikwenda. Nilitembea polepole kuliko kinyonga mwenye mzigo, kwa sababu niliona kwamba maadamu sijarudi na chumvi, jambo halijatimia. Mama Kilonzo alinifungia chumvi kwenye karatasi, akaniangalia, akashika shavu langu. Halafu akaingia ndani akanipa yai la kuchemsha. Mama Kilonzo, ambaye watu walisema hata kivuli chake alikikunja jioni asije akakiazima mtu, alinipa yai. Nililishika njia nzima likiwa na joto mkononi, na nikajua sasa mimi ni yatima.

Nilipofika, baba alikuwa ameshakaa kwenye stuli, gunia liko miguuni mwake.

"Mwende, tuliza akili, tufanye kazi. Loweka ukwaju."

"Wa nini, baba?"

"Tarumbeta ni la nini? La kuchemshia uji? Jumamosi kuna kazi."

"Kazi ya nani?"

Akaniangalia. Akaangalia mbali, upande ambao barabara inashuka kwenda mto Athi na kuendelea Kibwezi. "Wewe sugua," akasema. "Na ndani ya mdomo pia. Nataka ling'ae kuliko siku zote."

Kuliko siku zote. Ningempigia nani yowe? Susu alikuwa ameingia jikoni. Niliketi, nikauponda ukwaju, nikachunga majivu, na machozi yangu yaliingia kwenye uji ule hadi sikuhitaji tena maji. Niliwaza kukimbia nalo nikalitupe mtoni, lakini lilinizidi uzito na mto haukuwa na maji ya kulizamisha. Niliwaza kusema naumwa. Ila baba angelisugua mwenyewe, na yeye angesugua kote.

Hapo ndipo wazo likanijia. Kama nikisugua mimi, mimi ndiye ninayejua nimeacha wapi.

Nikasugua. Nilisugua mabomba, nilisugua vitufe vya kubonyeza, nilisugua mdomo nje na ndani. Lakini ndani, upande wa chini, mahali ambapo nilikuwa nimemwona mama akija na mtungi wake, niliacha. Doa la ukubwa wa kidole gumba. Nililizungukia kwa uangalifu kama mtu anayelima kando ya mche. Nikajiambia, akiingia hapa halimwoni. Hapa ni giza. Hapa anaweza kuchuchumaa akangoja hadi wamalize kuimba.

Siku iliyofuata, Ijumaa, baba alilichukua kulifunga kwa safari. Aliligeuza juani, akaridhika, akaguna. Kisha akaleta uso karibu.

"Na hapa?"

"Hapo nimepaacha."

"Ulichoka?"

"Hapana."

"Ukwaju uliisha?"

"Hapana, baba."

"Sasa?" Alikuwa ameshalamba kidole gumba ili afute mwenyewe.

"Ni pa mama," nikasema. "Pa kujificha."

Familia yetu inacheka kila kitu. Susu alicheka siku paa lilipopeperuka. Baba hakucheka. Kidole kilibaki hewani kimelowa mate. Akaniuliza mama anajificha nini, nami nikamwambia yote, Mzee Kyalo, popo, mtungi, masizi, yai, maneno yalinitoka kama maharagwe kwenye gunia lililopasuka. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akafuta kidole kwenye suruali.

"Mama yako ni mzima," akasema. "Ni mgonjwa, lakini jana alikunywa uji, na akaniuliza kama unachana nywele. Anayezikwa ni mama yake Musyoka, yule mpiga ngoma wa bendi yetu. Alikuwa mkongwe. Sikutaka kwenda, lakini Musyoka hawezi kumzika mamake bila tarumbeta."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kuniambia kwa mdomo wake nani amekufa. Na unajua, sikumwamini. Nilizoea sana chumvi. Niliona baba ananitulizia tu, kama unavyomtulizia kuku kabla ya kumchinja.

"Kama ni uongo?" nikauliza.

"Basi pa kujificha papo," akasema, na akalitia guniani mdomo wazi, doa likiwa ndani.

Jumamosi nzima sikula. Upepo uliponyamaza nilidhani nasikia ile sauti ya chini kutoka mbali, nikajibandika mikono masikioni. Susu alinikalisha kati ya magoti yake, akanisuka nywele zilizokuwa zimeshasukwa, akafumua, akasuka tena. Mikono yake nayo ilikuwa inatafuta kitu cha kufanya. Hilo nimekuja kulielewa nikiwa mkubwa.

Jumapili jua likiwa linaelekea kushuka, pikapu ilisimama barabarani. Baba aliteremka na tarumbeta. Akalisimamisha kando ya njia, akageuka, akanyoosha mikono, na akamteremsha mama. Alikuwa amekonda, leso ingeweza kumzunguka hadi abaki na ya kukopesha. Lakini alikuwa amesimama kichwa juu, miguu chini.

"Wewe kupe," akaniita. "Nywele umechana?"

Doa lile halikusuguliwa tena. Mimi nilikua, nikaolewa, kazi ikaenda kwa wadogo zangu, kisha ikarudi kwa baba mwenyewe. Mkuu wa bendi alilalamika kila mwaka kwamba tarumbeta lina kidonda. Baba alimwambia kidonda hicho ndicho kinacholipa sauti. Nami nilipokwenda darasa la jioni, nikiwa mama wa watoto tayari, nimebanwa kwenye dawati la mtoto hadi nikaondoka nalo kiunoni, mwalimu alitueleza kwamba hewa huila shaba ikawa nyeusi, na uchachu huondoa weusi huo. Akaeleza pia kwamba kioo kilichobonyea hugeuza picha juu chini. Niliandika vyote. Swali lile lilitoka kwenye mtihani na nililipata.

Basi nilifika nyumbani. Susu alishatutoka zamani, na Mzee Musyoka wa ngoma naye hana nguvu. Ni mwanawe Musyoka ambaye angelipuliza tarumbeta mazikoni. Lakini kusugua, mama alisema, hakuna mwingine ila mimi. Alikuwa amekaa kwenye stuli ya baba, akimenya mbaazi, mwembamba kama siku ile ya pikapu, safari hii kwa umri. Nikaloweka ukwaju. Nikachunga majivu. Harufu ilipanda, na mikono yangu ikafanya kazi.

Nilipofika ndani ya mdomo nililikuta. Jeusi kama kitako cha sufuria, ukubwa wa kidole gumba, na kingo zake safi. Ilikuwa wazi kwamba mtu alilizungukia kwa kitambaa miaka yote hiyo, bila kuligusa, akitumia macho ambayo mwishowe hayakuona hata uzi wa sindano.

Nikasimama na kitambaa mkononi. Mbele ya wageni wake, nikawaza. Sheria yake mwenyewe.

"Hapo si pa kusugua," mama akasema, bila kuinua macho kwenye mbaazi. "Hapo ni kwangu. Kwani unanifukuza?"

Sikujua kama baba aliwahi kumwambia. Nikatia maji, nikasuuza, nikakausha. Mng'aro ukapanda kama zamani. Na ndani ya mdomo, pembeni kidogo ya doa, akatokea mwanamke mdogo sana kichwa chini, na ungo wa mbaazi mapajani.

"Mama," nikamwambia, "sogeza stuli kidogo. Jua litakuchoma."

"Jua gani? Hapa ni kivulini."

Lakini aliniangalia, akaangalia tarumbeta, akainuka polepole na ungo wake, na akasogea.